Faida Halisi ya Shamba la Mitende

Bei ya shamba la biashara hukadiriwa mara nyingi kwa kuzidisha faida ya mwaka mmoja kwa idadi fulani ya miaka, na ndiyo sababu kosa dogo katika faida huwa kosa kubwa katika bei. Kinachotafutwa ni faida halisi, yaani kiasi ambacho shamba lingemwachia mmiliki yeyote mpya katika mwaka wa kawaida, baada ya kulipia kila linachohitaji.

Chukulia, kwa mfano wa kubuni, shamba la Barka, magharibi ya Maskati, ambalo daftari lake linaonyesha faida ya riali 12,000. Mwenyewe hulisimamia bila kujilipa, ingawa msimamizi wa kuajiriwa angetaka riali 400 kwa mwezi, sawa na 4,800 kwa mwaka. Tena zimo riali 1,500 za trekta kuukuu lililouzwa, pato lisilojirudia. Kwa upande mwingine, riali 900 za petroli ya gari la familia zimeandikwa kuwa gharama za shamba, na ni haki ya muuzaji zirudishwe. Zinabaki riali 6,600, na kwa kizidisho cha miaka 5 bei hushuka kutoka riali 60,000 hadi 33,000, bila yeyote kusema uongo.

Jambo zito zaidi ni maji. Katika vijiji vya Omani vinavyonyweshwa kwa falaji, yaani mfereji wa jadi unaogawiwa wakulima kwa zamu, hisa ya maji ni mali inayoweza kurithiwa, kukodishwa au kuuzwa mbali na ardhi, na hupimwa kwa muda: athar moja ni takriban nusu saa. Muuzaji mwenye hisa yake haandiki gharama ya maji popote; asipoiuza pamoja na shamba, mnunuzi atalazimika kukodi, na kodi hiyo lazima itolewe kwenye faida tangu mwanzo. Pwani ya Batina, iliko Barka na ambako visima hutegemewa, maji ya bahari yameingia ardhini kwa sababu ya kuvuta maji kupita kiasi, hivyo mavuno ya jana si dhamana ya kesho.

Mwaka mmoja pia hautoshi. Kimbunga Shaheen kilipiga Batina tarehe 3 Oktoba 2021, na mtende wenyewe, kama mkarafuu wa Pemba, huweza kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Isitoshe, Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 41 huingiza kwenye faida ongezeko la thamani ya tende zilizo bado mtini, fedha ambazo hakuna aliyezipokea.

Mnunuzi na adai hesabu za miaka 5, hati ya hisa ya maji na kipimo cha chumvi ya kisima kabla ya kutaja bei yoyote.