Babu wa Kiitaliano anakula raha Malindi, wewe utazeekea wapi?

UKIPITA Casuarina, Malindi, asubuhi, utawaona wazee wa Kiitaliano wamevalia kaptula na ndara, wanakunywa kahawa polepole. Hawana haraka. Vijana wanaouza vinyago ufuoni nao wanamwaga Kiitaliano kama maji. Uhusiano huu ulianza zamani: miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha kurushia setilaiti pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Usidhani kila babu unayemwona ni tajiri. Wapo waliokuwa walimu, madereva na mafundi. Walikatwa pensheni tangu ujanani, na sasa pesa hizo zinawafuata hadi Pwani.

Na serikali yetu haimpokei mstaafu mikono mitupu. Ili apate kibali cha daraja K, lazima awe na umri wa miaka 35 au zaidi, na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya Sh3 milioni. Kazi haruhusiwi kuifanya. Ardhi nayo, Katiba ya 2010 inamruhusu kukodi tu, kwa miaka isiyozidi 99.

Sasa geukia kwenu. Shosho yuko ushago, dawa za presha zimeisha, na simu inayolia ni yako. Hana pensheni. Pensheni yake ni wewe! Si makosa yake. Alilima maisha yake yote na hakuna aliyemwekea akiba. Lakini wewe ukizeeka, utampigia nani?

Najua utasema, "Mimi ni wa boda, payslip nitatoa wapi?" Hata wewe una njia. Mpango wa Haba Haba wa NSSF ni wa watu wasioajiriwa, na unaanzia Sh25 kwa siku. Ukiweka mfululizo kwa miaka mitano, unaweza kutoa nusu ukibanwa.

Hebu piga hesabu. Tuseme akiba inapata faida ya asilimia 8 kila mwaka. Ukianza na hizo Sh25 ukiwa na miaka 23, ukifika 60 utakuwa na takriban Sh1.85 milioni. Ukingoja hadi 40, utapata kama Sh417,000 tu. Mfukoni umetoa karibu mara mbili, lakini umevuna zaidi ya mara nne. Kazi hiyo imefanywa na miaka.

Ndiyo, bei za vitu zitapanda na Sh25 pekee hazitakununulia nyumba ya ufuoni. Kwa hivyo ukipata zaidi, ongeza. Ukiajiriwa, hakikisha mwajiri anawasilisha makato yako ya NSSF pamoja na mchango wake.

Yule babu wa Casuarina alianza akiwa rika lako. Leo umebeti ya ngapi?