Draiva za Mtandao na Usalama wa Mgonjwa

Seva ya hospitali hutunza majibu ya maabara, picha za eksirei na kumbukumbu za mzio wa dawa. Inapoharibika, madhara hayaishii katika chumba cha kompyuta. Humfikia mgonjwa kitandani. Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipozuka, angalau taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma huko England ziliathirika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa yakafutwa. Katika dharura ya namna hiyo, uwezo wa kusimika seva upya kwa haraka ni sehemu ya tiba.

Njia ya haraka ni usakinishaji unaojiendesha. Seva tupu ikiwashwa, kadi yake ya mtandao huomba anwani, kisha hupakua mfumo mdogo wa muda. Mfumo huo huvuta mfumo endeshi kamili na kuusakinisha kwa kufuata majibu yaliyoandikwa mapema, bila fundi kugusa kibodi.

Kikwazo hujificha katikati. Hatua ya kwanza hutegemea programu iliyomo ndani ya kadi yenyewe, ndiyo maana huanza vizuri. Mfumo wa muda ukishashika hatamu, huhitaji draiva yake, yaani programu ya kuuwezesha kuzungumza na kadi. Mifumo huja na draiva nyingi, lakini kadi iliyotoka baada ya mfumo huenda isiwemo. Hapo kadi ni nzima na waya ni mzima, ila mtandao hauonekani na kazi husimama.

Kwa hiyo draiva huandaliwa mahali pawili: katika mfumo wa muda na katika mfumo kamili. Ikikosekana katika huo wa pili, usakinishaji hufika mwisho, lakini seva huamka bubu na wodi haziwezi kuifikia.

Maandalizi yenyewe hufanana na kulinganisha damu kabla ya kumwongezea mgonjwa. Kila kadi ina alama za utambulisho: nne za mtengenezaji, kwa mfano 8086 kwa Intel, na nne za aina ya kadi. Draiva sharti ilingane na alama hizo na pia na toleo la mfumo. Kisha huingizwa katika faili la kuanzishia, na usakinishaji hujaribiwa kwenye mashine ya aina ileile.

Sisi wahudumu hukagua trei ya dharura kabla mgonjwa hajazimia. Basi tuwaulize mafundi wetu: seva ya akiba ina kadi gani, na usakinishaji wake ulijaribiwa lini? Nawe mgonjwa, tunza kadi yako ya kliniki na orodha ya dawa zinazokudhuru. Siku seva itakaponyamaza, karatasi hiyo itasema kwa niaba yako.