Kuku wakiongezeka, banda nalo likue

Kwa miaka mingi banda la kuku wa kienyeji katika Afrika Mashariki lilikuwa dogo kwa sababu ambayo haikuzungumzwa sana: kuku wenyewe hawakudumu.

Mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri, uliingia kijijini na mara nyingi uliondoka na kundi karibu lote. Mwenye nyumba alibakiwa na mitetea mitatu au minne, akaanza upya. Tundu la fito na udongo, au pembe moja ya jiko, lilitosha.

Mambo yalianza kubadilika ilipofika chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia na ambayo huhimili joto kuliko chanjo za zamani. Tanzania huitengeneza yenyewe. Tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne, na kundi linabaki hai.

Hapo ndipo hesabu mpya inapoanza. Mitetea mitano ikiatamia mayai 10 kila mmoja, na vifaranga saba wa kila mama wakapona, basi baada ya siku 21 za kuatamia na miezi michache ya kulea, mtu aliyekuwa na mitetea mitano na jogoo mmoja anajikuta na kuku 41. Banda ni lile lile.

Pima sakafu kwanza

Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hilo kwa gharama. Mwaka 2011 nilimtumia mdogo wangu fedha za kununua mitetea 60 ya umri wa miezi miwili, iongezwe kwenye kuku 30 waliokuwapo. Katika simu niliuliza kama wamechanjwa, wanakula nini, na mayai yatauzwa wapi. Sikuuliza banda lina ukubwa gani, na kwa kuwa siwezi kurudi nyumbani, sikuliona kwa macho.

Lilikuwa la mita 2 kwa 3. Katika wiki ya tatu, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, kuku walianza kuhara damu. Mvua zilipokatika, kati ya kuku 90 walikuwa wamesalia 34. Chanjo ya mdondo ilikuwa imefanya kazi yake, lakini haizuii kuhara damu.

Sababu ilikuwa sakafuni. Vijidudu vya kuhara damu hutoka na kinyesi, hukomaa penye unyevu na uvuguvugu, kisha humezwa na kuku wanaodonoa chini. Kuku mkubwa wa kienyeji anahitaji nafasi kiasi kwamba mita moja ya mraba isizidi kuku watano au sita. Banda la mita 6 za mraba lilikuwa limekwisha kujaa kabla sijatuma shilingi moja. Baada ya hapo kila mita ilibeba kuku 15, na matandazo hayakukauka tena.

Tangu wakati huo, kila ninapoombwa fedha za kuku, huomba kwanza hatua: urefu hatua ngapi, upana hatua ngapi. Ndugu wengine huona ni ukali. Mtu aliye mbali hana jicho lingine.

Aliye karibu ana kipimo rahisi zaidi. Aingie bandani alfajiri kabla mlango haujafunguliwa kwa muda mrefu, achuchumae mpaka uso wake uwe sawa na kichwa cha kuku, avute pumzi. Macho yakiwasha, hiyo ni amonia inayotoka katika kinyesi chenye maji, na kuku wameivuta usiku kucha. Mtu akisimama wima huenda asiisikie vizuri.

Ukuta usio wa kudumu

Kosa la kawaida ni kujenga banda kana kwamba halitaguswa tena, kisha kuku wakizidi kulibandika kibanda ubavuni. Paa la kibanda hicho hulazimika kushuka chini ya lile la kwanza, na ukuta wa ubavuni, ambao ndio uliokuwa na wavu wa kupitisha hewa, huzibwa. Banda limeongezeka sakafu, limepungua pumzi.

Njia bora ni kurefusha. Chagua upana mmoja tangu mwanzo, tuseme mita 3, na usiubadilishe. Urefu uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Kuta ndefu ziwe za tofali au udongo hadi usawa wa goti au kiuno, na kutoka hapo hadi kwenye paa ziwe wavu.

Ukuta mfupi wa upande mmoja, ule unaotazama kiwanja kilicho wazi, ujengwe kwa mabanzi au bati kuukuu, si kwa tofali. Miti ya paa iachwe itokeze nje kidogo upande huo. Kuku wakiongezeka, nguzo mbili husimikwa mbele, miti ya paa huungwa, mabati hulaliana, na ukuta ule wa mabanzi husogezwa hadi mwisho mpya. Kila mita 2 zinazoongezwa kwa upana wa mita 3 ni nafasi ya kuku 30 hivi. Hiyo ni kazi ya siku chache, na hakuna tofali linalovunjwa.

Sakafu mpya iwe usawa mmoja na ya zamani au juu kidogo. Ikiwa chini, maji yote yatahamia huko. Juu yake yatandazwe maranda au pumba za mpunga kwa unene wa sentimita 8 hadi 10.

Fito za kulalia nazo husahaulika: kila kuku anataka takriban sentimita 20, na asiyepata hulala chini kwenye kinyesi. Kiota kimoja hutosha mitetea minne au mitano. Wavu wenye matundu mapana huzuia mwewe tu. Nyoka, panya na kicheche hupita, na siafu hawazuiliwi na wavu wa aina yoyote. Kwao dawa ni majivu kuzunguka banda, na mtu wa kuamka usiku.

Huko Uingereza

Msomaji anayefuga kuku wachache nyuma ya nyumba Birmingham au Leicester ana adui mwingine, mbweha wa mjini, ambaye huchimba. Kwa hiyo wavu hufukiwa ardhini au hulazwa chini kuzunguka banda.

Lakini hata huko nafasi ndiyo iliyowaumiza wengi. Kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege, serikali iliamuru ndege wote wafungiwe kuanzia 29 Novemba 2021 hadi 2 Mei 2022. Banda lililojengwa kwa ajili ya kulala tu likawa makazi ya mchana na usiku kwa miezi mitano, na kuku wakaanza kunyonyoana manyoya. Tangu Oktoba 2024, sheria ya England na Wales inamtaka kila mfugaji ajiandikishe, hata mwenye kuku mmoja.

Wageni waingie usiku

Chumba kipya kikikamilika, kuku walionunuliwa wasichanganywe na wenyeji siku hiyo. Wakae mbali kwa wiki mbili angalau, wahudumiwe mwisho baada ya wenyeji, na chombo chao cha maji kisihamishwe.

Baadaye wahamie chumba kipya, wakitenganishwa na wenyeji kwa wavu tu, waonane kwa wiki moja. Kisha wavu uondolewe usiku, kuku wote wakiwa juu ya fito. Asubuhi kutakuwa na kudonoana, kwa kuwa kila kundi lina wakubwa na wadogo wake, lakini baada ya siku chache hutulia. Muhimu ni kuweka vyombo viwili vya chakula, kimoja kila upande, kwa sababu mgeni anayefukuzwa penye chombo kimoja hushinda na njaa hadi jioni.