Mama, gari la gia utaliweza?

Baba watoto akiugua ghafla usiku wa manane, na gari pekee linalopatikana ni pikapu ya jirani yenye klachi, utaweza kuiendesha? Mmoja wetu yalimkuta. Leseni alikuwa nayo kwa miaka mingi, lakini gari lake lilikuwa la otomatiki. Aliwasha pikapu ile, ikaruka kama chura, ikazimika. Mara ya nne aliteremka akaenda kugonga mlango wa kijana wa jirani. Mgonjwa alifika hospitali salama, lakini ile nusu saa hatujaisahau.

Tangu siku hiyo tunawasumbua akina mama wenzetu: jifunzeni gia. Wengi hudhani ni mambo ya wanaume. Je, mnajua ni nani aliyesafiri mbali kwa gari mara ya kwanza? Ni Bertha Benz, mama wa Ujerumani, mwaka 1888. Bila kumwaga mumewe Karl, aliyelibuni gari hilo, aliwachukua wanawe wawili wa miaka 15 na 13 wakaenda kumsalimu mama yake huko Pforzheim, safari ya kilomita zipatazo 106. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipolika, alimwomba fundi viatu azivike ngozi. Penye milima vijana walisukuma, na inasimuliwa kwamba aliporudi alimwambia mumewe aongeze gia ya kupandia. Basi gia ni mambo yetu tangu zamani!

Klachi yenyewe haina uchawi. Ukiikanyaga, injini inaachana na magurudumu, ukiiachia, yanashikana. Tafuta uwanja tambarare, weka gia ya kwanza, usiguse mafuta. Achia klachi polepole mpaka uhisi gari linatetemeka na kuanza kujivuta. Rudia hata mara ishirini. Mguu ukishazoea hapo, ndipo uongeze mafuta kidogo kidogo.

Faida kubwa utaiona kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, njia ya Iringa. Ukiteremka kwa breki peke yake zinapata moto na kupoteza nguvu. Gia ndogo huifanya injini yenyewe ilizuie gari. Wapo wanaoweka frii ati waokoe mafuta. Watu hao hatupandi gari lao! Hata otomatiki nyingi zina gia ndogo za kuteremkia, ila wenye magari hawazigusi.

Na wabunifu wa siku hizi nao tuna neno nao. Wanaondoa vitufe na kuweka kioo cha kugusa kama televisheni. Mama mwenye mtoto analia kiti cha nyuma, na mvua inanyesha, atafute waipa kwenye picha? Kitufe hupapaswa kwa kidole, macho yakibaki barabarani. Tulifurahi kusikia kwamba Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanayapunguzia alama magari yasiyo na vitufe au swichi halisi za mambo ya lazima kama honi, waipa na taa za kuashiria.

Yule mwenzetu alijifunza kwa majuma matatu, kwenye pikapu ile ile. Bado humzimikia mara moja moja penye kilima cha kanisani, nasi tulio nyuma tunasubiri bila kupiga honi.