Kamishna wa Viapo na Mthibitishaji wa Umma: Maneno, Mamlaka na Njia ya Kuyapata

Kibao cha ofisi ya wakili, iwe Mlandege mjini Iringa au Mwanjelwa mjini Mbeya, kwa kawaida hutaja kazi tatu kwa mkupuo mmoja: wakili, mthibitishaji wa umma na kamishna wa viapo. Wanafunzi wa tafsiri huuliza kama hivyo ni vyeo vitatu vya watu watatu. Ni mtu mmoja mwenye mamlaka zaidi ya moja, na kila mamlaka ina chanzo chake katika sheria.

Tuanze na neno kamishna, kwa kuwa ndilo linalopotosha zaidi. Masikio yetu yamelizoea katika kamishna wa polisi na kamishna wa ardhi, yaani mkubwa wa idara. Kamishna wa viapo hana idara wala askari. Maana inayotumika hapa ni ile ya kale ya Kiingereza: mtu aliyekabidhiwa mamlaka kwa hati ili atende jambo mahususi kwa niaba ya dola. Kwa hiyo anayekutana na maneno ya Kimarekani kuhusu notari mwenye “commission” asikimbilie tume. Tume ni kundi la watu waliotumwa kuchunguza au kusimamia jambo. Kinachotajwa pale ni hati ya uteuzi. Tafsiri salama ni “mthibitishaji wa umma aliyeteuliwa” au “aliyepewa hati ya uteuzi”.

Tofauti hii inakwenda mbali kuliko msamiati. Katika majimbo mengi ya Marekani raia wa kawaida, hata karani wa benki, anaweza kuomba uteuzi huo bila kuwa mwanasheria. Ufaransa, kinyume chake, notari ni mwanasheria mwenye ofisi ya umma, na mauziano ya nyumba hupitia mikononi mwake. Tanzania Bara (Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na sheria zake) imefuata njia ya tatu: mlango wa kawaida wa kazi hii ni uwakili.

Njia yenyewe ni ndefu. Mtu hupata kwanza shahada ya sheria, kisha huingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. (Jina hilo refu ndilo rasmi, “shule ya sheria” ni la mazungumzo.) Akifaulu, hupeleka maombi kwa Jaji Mkuu, na Baraza la Elimu ya Sheria huhusika katika kupima kama anafaa. Akikubaliwa huapishwa na jina lake huingizwa katika daftari la mawakili. Huwa pia mwanachama wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kilichoundwa mwaka 1954, na hupaswa kuwa na leseni ya uwakili inayohuishwa kila mwaka. Hapo ndipo anapoweza kumwomba Msajili wa Mahakama Kuu cheti cha uthibitishaji na ukamishna wa viapo, chini ya Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania. Ukiona muhuri, basi, ujue nyuma yake kuna miaka kadhaa ya masomo na jina lililoandikwa mahali linapoweza kukaguliwa.

Sasa vitenzi. Mteja huapa, kamishna huapisha. Kuapiza ni kulaani, na halina nafasi katika ofisi ya wakili, ingawa nimewahi kulikuta katika rasimu ya mwanafunzi. Kiapo huliwa au hutolewa. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye kuthibitisha. Katika mazoea ya mahakama zetu, Mkristo huandika “naapa”, na Mwislamu huandika “nathibitisha”. Kitenzi hichohicho tunakitumia kwa wakili anayetia muhuri kwenye nakala ya cheti, kwa shahidi anayeona saini ikitiwa, na kwa ushahidi unaokamilisha hoja. Mbebaji mmoja amebebeshwa mizigo minne. Ushauri wangu ni kuliachia neno hili kiapo kisicho cha Kikristo na uthibitishaji wa nakala, kisha kutumia “kushuhudia” kwa saini na “kudhihirisha” kwa hoja.

Uzito wa maneno haya huonekana mwishoni mwa hati ya kiapo, katika aya fupi inayoeleza nani ameapa, wapi, lini na mbele ya nani. Kifungu cha 8 cha Sura ya 12 kinamtaka kamishna aandike kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo, na marekebisho ya mwaka 2016 yakaongeza jina lake. Katika shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, maombi namba 53 ya mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilichukulia takwa la mahali na tarehe kuwa la lazima, si pambo. Maombi ya mtu yanaweza kuanguka kwa sababu mstari mmoja uliachwa wazi. Tangu sheria namba 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mstari huo ni wetu kuusanifu. Mfano unaofaa:

“Kimeapwa hapa Iringa leo tarehe 4 Machi 2024 na mwapaji, ambaye ametambulishwa kwangu na (jina), ninayemfahamu binafsi.”

Kiambishi ki- kinarejelea kiapo. Wanaoandika “imeapwa” wanarejelea hati, na hilo linakubalika, mradi wasibadilishe katikati ya sentensi. “Kimeapishwa” ni kosa: kiapo hakiapishwi, mtu ndiye huapishwa.

Watafsiri wanahitaji onyo moja zaidi. Muhuri wa kamishna chini ya kiapo cha mfasiri hausemi kwamba tafsiri ni sahihi. Unasema kwamba mtu fulani alifika, akatambuliwa, akaapa kuwa ameifanya kwa uaminifu. Makosa yakigundulika, anayeulizwa ni mfasiri. Vilevile kamishna haruhusiwi kuapisha katika shauri ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi ndani yake. Usimpelekee wakili anayeendesha kesi yako hati ya kiapo ya kesi hiyohiyo.

Na mwapaji asiyesoma, au mzee kutoka Kilolo anayejieleza vizuri kwa Kihehe kuliko Kiswahili? Hati isomwe kwa sauti na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa, na aya ya mwisho iseme hivyo waziwazi. Akihitajika mkalimani, jina lake liandikwe, naye aape kwamba amefasiri kwa uaminifu kabla mzee hajatia dole gumba.