Kanuni na Madaraja katika Mashindano ya Pikipiki za Kale
Kanuni za mashindano ya pikipiki hukusudia kumtuza mwendeshaji stadi, si injini kubwa. Katika Kisiwa cha Man, mwaka wa 1907, pikipiki ziliainishwa kwa idadi ya silinda. Mwaka wa 1911, kigezo kikawa ujazo wa injini: katika daraja la juu, zenye silinda moja zilikomea sentimita za ujazo 500, ilhali zenye silinda mbili ziliruhusiwa 585. Mwaka wa 1912, nafuu hiyo iliondolewa. Mashindano ya pikipiki za kale huongeza kigezo cha umri. Hata hivyo, nakala iliyoundwa juzi kwa metali bora yaweza kuishinda pikipiki asilia. Kwa hivyo, muundo wa vipuri nao hukaguliwa. La sivyo, ushindi ungenunuliwa, na pikipiki asilia zingeishia makavazini.