Baridi ya Ufipa Haitoshi Kupoza Hewa ya Injini Yenye Tabo

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Usafirishaji wa mahindi ya Rukwa hushamiri katika miezi ya kipupwe, wakati ambapo asubuhi za Sumbawanga humlazimu utingo wa lori kuvaa koti zito. Ni rahisi kwa dereva kuamini kwamba katika baridi hiyo injini yake haiwezi kupata joto la kupindukia. Kwa maji ya rejeta, dhana hiyo ina ukweli kiasi. Kwa hewa inayoingia ndani ya silinda, ni dhana inayopotosha.

Malori na mabasi mengi yanayotumia dizeli yana tabo, yaani feni ndogo inayozungushwa kwa nguvu ya moshi wa injini na kuisukuma hewa ndani ili mafuta mengi zaidi yaungue. Baadhi ya magari madogo yana supachaja, ambayo hufanya kazi hiyohiyo ila huzungushwa na mkanda wa injini. Kwa vyovyote vile, hewa ikibanwa hupata joto. Aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi analijua hilo.

Hewa yenye joto hutanuka, hivyo kiasi kinachoingia katika silinda hupungua. Kila jotoridi linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, upungufu huo ni takribani asilimia 3. Ndiyo maana kati ya tabo na injini huwekwa intakula, kifaa kinachofanana na rejeta, ambacho huipoza hewa hiyo kwa upepo wa nje.

Sasa tuangalie hali ya Ufipa. Chukua injini inayohitaji hewa yenye mgandamizo mara mbili ya ule wa usawa wa bahari. Dar es Salaam, hewa ya nje ikiwa na nyuzi 30, tabo ya kawaida huitoa ikiwa na nyuzi 125 hivi. Mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Ili kufikia kiwango kilekile, tabo hulazimika kuibana hewa karibu mara mbili na nusu. Hata nje kukiwa na nyuzi 20 tu, hewa hutoka ikiwa na nyuzi 140 hivi. Nafuu ya baridi imekwisha kabla hewa haijafika kwenye intakula.

Hatari huonekana zaidi mlimani. Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika yote yako chini ya mji wa Sumbawanga kwa takribani mita 1,000, kwa hiyo lori linalotoka Muze au Bandari ya Kasanga huanza safari katika joto la bondeni na kupanda kwa gia nzito, likienda polepole, injini ikifanya kazi kwa nguvu zake zote huku upepo wa kupoza ukiwa mdogo. Intakula ikiwa imeziba, nguvu hupungua na moshi mweusi hutoka. Dereva akizidi kukanyaga mafuta, joto la moshi huweza kuharibu tabo na vali. Lori lenye shehena likizimika kwenye kona ya mlima, tatizo si la mwenye gari peke yake. Wako walio nyuma yake. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari linaloingia barabarani liwe katika hali nzuri, na ukaguzi haupaswi kuishia kwenye breki na taa.

Mkosaji mkubwa ni vumbi la kiangazi pamoja na makapi ya mazao, ambayo hujikusanya kati ya intakula na rejeta, mahali pasipoonekana kwa mbele. Fundi ayaoshe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa kuwa mashine ya presha hukunja mapezi membamba ya alumini. Akague pia hozi na klipu: mlio wa hewa inayovuja wakati wa kupanda ni dalili kwamba tabo inafanya kazi ya bure. Mafuta mengi ndani ya intakula huashiria kwamba tabo yenyewe imechoka. Boksi au turubai lililowekwa mbele ya rejeta kwa sababu ya baridi ya alfajiri liondolewe kabla ya kuondoka.

Wenye magari madogo ya petroli wana tahadhari ya ziada, kwani hewa yenye joto kali husababisha mchanganyiko wa mafuta kulipuka kabla ya wakati. Injini hugonga, na pistoni inaweza kutoboka. Katika baadhi ya magari, zikiwemo Subaru nyingi zenye tabo, intakula imelala juu ya injini chini ya tundu la boneti. Gari likisimama muda mrefu baada ya kupanda, kifaa hicho hupashwa joto na injini yenyewe. Dereva aendeshe taratibu kwa dakika chache za mwanzo, hadi upepo urejee, ndipo aongeze mwendo.